Kabla ya Mjerumani, kusini ardhi ilikuwa ya nani? Mimi nasema tulimiliki miti tu

#1 Mwana wa Uwandani
Wakuu, salaam.

Wiki ijayo wapimaji wanaingia kijijini kwetu, huku Newala, kusini mwa Tanzania, kwa ajili ya hati za kimila (za kumiliki ardhi ya kijiji). Tuna shamba la marehemu mjomba, mikorosho 64, nimeihesabu mwenyewe mara mbili. Watoto wake wanasema ni lao. Mama yangu na wadogo zake wanasema ni la ukoo, kwa sababu mjomba naye alipewa na mjomba wake. Halafu amejitokeza mzee jirani anasema pale katikati ni mahame ya kwao, yaani makazi yao ya zamani waliyoyaacha, ule mwembe mkubwa aliupanda bibi yake, sisi tulikaribishwa tu.

Jumapili tumekaa kikao kuanzia asubuhi mpaka jua la utosi. Mzee mmoja aliyekuwa kimya muda wote akajikohoza, akasema: "Zamani hapakuwa na mwenye ardhi. Palikuwa na mwenye mti." Watu wakacheka, kikao kikavunjika.

Mimi sikucheka. Naliweka hapa kama dai: kabla ya Mjerumani hakuna Mmakonde, Mmwera, Mmakua wala Myao aliyemiliki ardhi. Walimiliki miti na mazao, ardhi ilikuwa kama hewa tu. Anayebisha aje na hoja.

#2 Bibo Kavu
Mikorosho 64 ndiyo imekutoa usingizini hivyo? Ngoja msimu uishe utalala. Nimekaa hapa nasubiri wasomi.

#3 KilwaKwetu
Mkuu #1, dai lako linafia Kilwa. Kisiwa cha Kilwa Kisiwani KILIUZWA. Mshirazi Ali bin al-Hasan alikinunua kwa mwenyeji kwa nguo, akazitandika kukizunguka kisiwa chote. Mwenyeji akachukua nguo zake akahamia bara. Kama ardhi ilikuwa hewa, nguo alipewa za nini?

#4 Ndege Mpole
Hiyo ya nguo si ni Wareno?

#5 KilwaKwetu
Hapana mkuu. Wareno waliivamia Kilwa 1505 na mizinga, hawakukinunua kisiwa. Ya nguo ni ya karne nyingi kabla, na hata yule msafiri Ibn Battuta alipofika 1331 alikuta mji na masultani wake siku nyingi. Mwaka wenyewe wa Ali bin al-Hasan wasomi wanavutana: wapo wanaomweka karne ya 10, wapo wanaomsogeza mbele sana kwa kufuata sarafu na magofu. Lakini kisa kimo katika tarikh, yaani kitabu cha historia, ya Kilwa ya Kiarabu, kimo kwa Wareno walioinakili, na wazee wetu wanakisimulia kwa Kiswahili.

#6 Mwl. Mstaafu
Vijana, nimefurahi kuona hamjadili mpira leo.

KilwaKwetu, kisa umekileta lakini umekikata mkia. Tarikh inaendelea: yule mwenyeji alipovuka bara alinuia kurudi kuwaua na kukichukua kisiwa chake. Zamani maji yakikupwa ulivuka kwa miguu. Mnunuzi akachimba ule mkondo ili maji yasikauke tena, na jamaa akashindwa kuvuka.

Sasa jiulizeni. Mtu aliyeuza kitu chake kwa hiari arudi na silaha kwa nini? Ninavyoona mimi, wale wawili hawakufanya biashara moja. Mgeni alidhani amenunua, na mwenyeji alidhani amepokea heshima ya kukaribisha mgeni, kama wageni wote walivyotoa nguo na kaniki kwa mwenye mji. Na katika masimulizi ya Kiswahili mwenyeji anaitwa Mrimba, na watu wake ni Wamachinga (kabila, siyo wachuuzi), na Mshirazi anamuoa binti yake. Yaani kuna ukwe hapo, na mali ya ukweni haiwi kama mali ya dukani.

#7 KilwaKwetu
Mwalimu shikamoo. Au aliuza akajuta. Watu wanauza viwanja leo wanajuta kesho, mpaka wanaviuza mara ya pili.

#8 Mwl. Mstaafu
Marahaba. Hilo nalo siwezi kulikataa.

#9 Mama Ruangwa
Nyie mnaongelea masultani, mtoa mada kauliza ya mashambani. Kwetu Wamwera nilivyosikia kwa bibi, mtu wa kwanza kufyeka pori ndiye mwenye. Wewe ukija baadaye unaenda kwake, anakuonyesha: anzia kwenye huu mti, ishia kwenye kile kichuguu. Hulipi kodi. Ukivuna unampelekea kikapu cha mtama na pombe kidogo, basi. Ukihama, pori linarudi kwake, siyo kwako. Sasa huyo mwenye kama hakumiliki ardhi alikuwa anamiliki nini?

#10 Mwana wa Uwandani
Mama Ruangwa, huyo mwenye angeweza kuiuza?

#11 Mama Ruangwa
Amuuzie nani mwanangu, na pori limejaa?

#12 Chuma cha Reli
Hapo kwenye #11 ndipo penye jibu, mnapita tu. Ardhi ilikuwa nyingi, watu wachache. Kitu kikiwa kingi hakina bei. Mkubwa wa zamani hukumpima kwa ekari, ulimpima kwa watu: wapwa, wakwe, wageni na hata watumwa. Kilwa Kivinje karne ya 19 watu walikuwa wanauzwa kwa bei inayojulikana, lakini hebu nitajieni bei ya ekari moja ya Liwale wakati ule.

Tena usalama ndio ulikuwa mali. Wamagwangwara, yaani Wangoni, walipovamia Masasi 1882 watu walikimbia wakaacha mashamba yenye rutuba. Wengine walijichimbia kwenye vichaka vya uwandani, kule juu Umakonde, maji unayafuata bondeni nusu siku. Nani anaanza kugombea mpaka wa shamba wakati anatafuta pa kujificha?

#13 Mngoni Mtulivu
Nimesikia natajwa. Tulikuja kuwasalimia tu watani, nyie mkakimbia.

#14 Bibo Kavu
Salamu gani inabeba mikuki. Lipa fidia ya mashamba kwanza ndipo uchangie uzi.

#15 Litawa Moja
Nakubaliana nusu na #9, nusu nakataa. Kwa Wamakonde hakukuwa na chifu mmoja wa kusema nchi hii ni yake. Kulikuwa na chirambo, yaani eneo la makazi na mapori yake, na mkubwa wake ni mkulungwa. Huyo ndiye mrithi wa aliyefyeka kwanza. Lakini mkulungwa hakuwa mwenye ardhi kama mwenye nyumba na wapangaji. Alikuwa mgawaji. Ukishalima kile kipande ni chako wewe na litawa lako, ukoo wa upande wa mama, na mkulungwa hawezi kukutoa kwa sababu amekukasirikia. Na akigawa vibaya watu wanahama, wanaenda kufungua chirambo kingine, anabaki mkulungwa wa nyani.

Kwa hiyo dai la #1 kwamba hakuna aliyemiliki si kweli. Walimiliki wengi kwa mpigo, kila mmoja na fungu lake la haki: mmoja anagawa, mwingine analima, mwingine anarithi, na wote wanaokota kuni.

#16 Meku wa Mingoyo
Mimi ni Mchaga, nimeoa huku Lindi, naishi Mingoyo mwaka wa kumi na mbili. Kwetu mambo haya yamenyooka: kihamba, yaani shamba la nyumbani, ni cha baba, mtoto wa mwisho wa kiume anabaki na nyumba ya wazee, mkubwa naye ana chake. Mpaka ni masale, mimea tunayoipanda kwenye mpaka. Ukimng'oa mtu masale yake umetangaza vita.

Huku nilipofika shemeji zangu waliniambia lima popote hapa, ila usipande mti. Nikadhani utani. Nikapanda minazi mitatu tu. Kesho yake asubuhi walikuja wazee wanne, wamevaa kanzu.

#17 Ndege Mpole
😂😂 Wakasemaje?

#18 Meku wa Mingoyo
Walinisalimia vizuri sana, wakanywa chai, wakasifia watoto. Wakati wa kuaga mmoja akasema, "Shemeji, mhogo ni mgeni, mnazi ni mwenyeji." Nikang'oa minazi yangu jioni ile ile. Mke wangu alicheka wiki nzima.

#19 Mwana wa Uwandani
Meku umeniletea ushahidi bila kujua. Mhogo unakaa msimu, haudai kitu. Mnazi unakaa maisha yako na ya mwanao, kwa hiyo ukiruhusiwa kupanda mti umepewa ardhi kimyakimya. Ndiyo maana nasema umiliki ulikuwa kwenye mti. Mababu zetu na mikorosho yao tangu enzi...

#20 Chuma cha Reli
Simama hapo hapo. Mikorosho tangu enzi zipi? Mkorosho ni wa Brazili. Wareno waliuleta pwani ya Msumbiji karne ya 16, na kuwa zao la biashara huku kwetu ni mambo ya karne ya 20, hasa baada ya vita vya pili. Babu wa babu yako hakugombana na mtu kwa ajili ya korosho.

#21 Litawa Moja
Nakazia #20. Na hapo ndipo dai la miti linapoyumba. Uwandani kabla ya korosho watu walilima mtama, wakilima misimu michache udongo ukichoka wanaliacha pori lirudi, wanafyeka kwingine. Hakuna mti wa kudumu hapo, mahame tu. Korosho ndiyo iliyokuja kukimaliza kile kilimo cha kuhama. Shamba likishakuwa na mikorosho halirudi pori, kwa hiyo halirudi kwa mkulungwa. Mti umemnyang'anya mgawaji kazi yake bila sheria yoyote kutungwa.

Na hapo ndipo wajomba na watoto walipoanza kugombana. Pori la kufyeka mwanao anafyeka la kwake. Lakini mikorosho mliyopanda naye, akapalilia naye, mkapuliza naye salfa, dawa ya mikorosho, usiku wa baridi, halafu ufe aje mwipwa kutoka kijiji cha pili aseme ni ya litawa? Mtoto lazima apandwe na hasira.

#22 Mwana wa Uwandani
Hiyo aya ya mwisho umeiandika kama ulikuwa kwenye kikao chetu.

Sawa, nakubali kosa la mkorosho. Ila mwembe na mnazi?

#23 KilwaKwetu
Minazi na miembe pwani ipo karne nyingi, hapo uko sawa. Na pwani hilo la mti kuwa na mwenyewe na ardhi kuwa na mwenyewe mwingine lipo mpaka leo. Mtu anarithi minazi saba ndani ya shamba la mwingine, anapita kuangua, anasalimia, anaondoka.

Wazee wa dini nao wana lao: katika fiqhi, sheria za Kiislamu, ardhi mfu isiyo na mwenyewe, anayeihuisha ni yake. Kufyeka, kulima, kuchimba kisima. Haina tofauti kubwa na mwenye wa Mama Ruangwa.

#24 Mama Ruangwa
Tofauti ipo. Bibi alisema mwenye hafyeki hivi hivi. Kwanza anaweka unga chini ya mti jioni. Asubuhi akikuta umetawanyika, hapo hapafai, anatafuta pengine. Yaani wenyewe hasa ni waliolala chini. Mwenye ni mwangalizi tu wa mali ya marehemu.

#25 Bibo Kavu
Na panya wakila huo unga, shauri limeamuliwa na panya?

#26 Mama Ruangwa
Bibo Kavu una bahati bibi ameshatangulia.

#27 Kamusi Hai
Mnachambua ya huku kama vile ni maajabu ya kusini peke yake. Uingereza ya zamani ilikuwa hivi hivi. Baada ya Wanormani kuiteka 1066, mfalme alihesabiwa mwenye ardhi yote, chini yake bwana, chini ya bwana wanakijiji wenye vipande vyembamba vilivyotawanyika kwenye shamba moja kubwa lisilo na uzio. Mkishavuna, ng'ombe wa kijiji kizima wanaingia kula mabua, uwe na kipande kikubwa au kidogo. Ni karne ya 18 na 19 hasa ambapo Bunge lilipitisha maelfu ya sheria za kuweka uzio, na watu waliokuwa na haki ya kuni na malisho wakajikuta vibarua.

Urusi ndiyo balaa. Vijiji vingi, baraza la wakulima lilikuwa linagawa upya vipande kila baada ya miaka kadhaa kwa kuangalia kaya ina watu wangapi. Ukizaa unaongezewa, ukifiwa unapunguziwa. Serikali ilianza kuuvunja mfumo huo 1906.

#28 Ndege Mpole
Wangeuleta kwetu, kuna jamaa mtaani kwetu angekuwa na wilaya.

#29 Kamusi Hai
Na wenye Biblia, Walawi 25: kila mwaka wa 50 shamba linarudi kwa ukoo wa asili hata kama liliuzwa. Kilichouzwa ni mavuno ya miaka iliyobaki, si ardhi. Yule Mrimba wa Kilwa angeielewa sheria hiyo haraka sana.

#30 Mwl. Mstaafu
Kamusi, hiyo ya mabua imenikumbusha kitu. Kijijini nilikofundisha, upande wa Tandahimba, msimu wa korosho watoto wakitoka shule walikuwa wanapita mashamba ya watu wakila mabibo, yale matunda yanayobeba korosho. Hakuna aliyewafukuza. Ila kabla ya kung'ata, mtoto anaishika korosho kwa vidole viwili, anaizungusha mpaka ichomoke, anaiweka chini ya shina, pale pale. Jioni unakuta chini ya kila mti kuna kifungu kidogo cha korosho zimepangwa, kana kwamba mti umejihesabu wenyewe. Bibo ni la mpita njia, korosho ni ya mwenye mti. Tunda moja, wenyewe wawili. Hakuna mtoto aliyefundishwa hilo darasani, na mimi ndiye niliyekuwa mwalimu.

#31 Bibo Kavu
Mwalimu umenifanya nikumbuke nyumbani. Siku hizi bei imepanda hata bibo linalindwa, na la kupikia uraka, pombe ya mabibo, ndiyo kabisa.

#32 Mngoni Mtulivu
Uraka wa Masasi au wa Newala upi mkali? Naomba jibu la kitaalamu.

#33 Bibo Kavu
Fungua uzi wako. (Newala.)

#34 Hati na Mihuri
Naona mmefika mbali, ngoja niwarudishe kwenye karatasi. Mtoa mada amesema "kabla ya Mjerumani". Amri ya ardhi ya Mjerumani ni ya 1885, ilisema ardhi yote...

#35 Kamusi Hai
1895 mkuu. Novemba.

#36 Hati na Mihuri
1895, asante, kidole. Ilisema ardhi isiyo na mwenyewe ni ya dola, isipokuwa mtu binafsi, jumbe au jamii ithibitishe kuwa ni yao. Sasa mkulungwa wa #15 athibitishe kwa nini? Kwa unga wa Mama Ruangwa? Pori lililopumzishwa misimu kadhaa lilionekana halina mwenyewe, wakati lilikuwa na mwenyewe anayelisubiri.

Mwingereza 1923 akaita ardhi yote ya umma chini ya Gavana, akaitambua ya kimila wazi zaidi kwenye marekebisho ya 1928. Baada ya uhuru, 1963, ile miliki huru ya kizungu ikafutwa ikageuzwa ya muda. Kisha Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya 1999, ambayo ndiyo inawaleta wapimaji wa mkuu #1. Na kuna kesi iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani 1994, ilisema haki ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba. Kwa hiyo usiseme babu zako walimiliki hewa, utajiharibia kesi.

#37 Chuma cha Reli
Umeruka karanga na vijiji. Nachingwea 1947 walikuja na matrekta wakafyeka mapori kwa ajili ya mradi wa karanga, mradi ukafa 1951. Reli ya kutoka Mtwara iliyojengwa kwa ajili yake ikang'olewa. Waliofyekewa mapori yale walikuwa na wenye wao. Halafu Operesheni Vijiji miaka ya 1970, watu wakahamishwa wakaacha mikorosho huko mahameni, wakapewa eneo ambalo nalo lilikuwa la ukoo wa mtu. Nusu ya migogoro mnayoiita ya kimila ni ya 1974.

#38 Mwana wa Uwandani
Mkuu #37 hilo limenigusa. Nimemuuliza mama usiku huu: mjomba alipewa lile shamba lini? Kasema "wakati wa kuhamishwa". Alipewa na nani? "Na mjomba wake." Na mjomba wake alilipata wapi? Akanyamaza, akasema kaangalie kama kuku wameingia bandani.

#39 Hati na Mihuri
😀 Shahidi amegoma. Kumbuka tu hati ya kimila inaweza kuandikwa majina zaidi ya moja, hata familia au kikundi. Na mila inayomnyima mwanamke haki sheria haiitambui, kwa hiyo binti za marehemu wasisukumwe pembeni. Na kwa kuwa kuna mgogoro, anzieni Baraza la Ardhi la Kijiji, lina wajumbe saba na watatu lazima wawe wanawake.

#40 Litawa Moja
Ya wanawake inanichekesha kidogo. Kwetu ardhi ilipita kwa mama, na bado aliyeshika shoka na kauli alikuwa kaka yake. Watu wa mijini wanasikia "upande wa mama" wanadhani wanawake walitawala. Muulizeni mama yake mkuu #1 kama kwenye kikao aliketi kwenye kiti au kwenye mkeka.

#41 Mwana wa Uwandani
Mkeka. Na ndiye aliyeongea kuliko wote.

#42 Ndege Mpole
Mkuu wiki imeisha. Wapimaji walikuja?

#43 Mwana wa Uwandani
Walikuja jana, vijana wawili na kile kimashine cha setilaiti. Tulizunguka mpaka wote, kwenye katani, kwenye minyaa, mpaka kwenye ule mwembe. Hapo yule mzee jirani akasimama, akauegemea kwa mgongo, hakusema neno. Mpimaji akamwomba asogee achukue alama. Hakusogea. Mama yangu ndiye aliyemletea kigoda.

Fomu ina mahali pa majina. Binti mkubwa wa mjomba ametaja jina lake na la mdogo wake, mama ametaja la kwake, mzee hakutaja. Kijana ameyaandika yote kwa penseli, akasema kalamu mpaka baraza likae.

#44 Bibo Kavu
Na mwembe ulikuwa na maembe?

#45 Mwana wa Uwandani
Mabichi. Tulikula na chumvi, wote, mzee na mpimaji pia.